Kazi ya Mzazi: Mkulima

Mwanangu Hadija,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula vipande vitatu vya muhogo, umelalamika kwamba chai nimeizidisha tangawizi, na sasa hivi uko kwa shangazi yako mtaa wa Ng'ambo unaaga. Mimi niko barazani, nimekalia godoro la mtu ambalo nimelishona upande mmoja tu, na daftari nimeliweka gotini. Kesho unapanda treni. Nimeona niliyo nayo moyoni siwezi kuyasema kwa mdomo, maana mdomo wangu unaujua: nikianza kwa kukiri nitaishia kwa kugomba.

Sitakuandikia habari za sanduku, wala sabuni, wala usitembee peke yako gizani. Hayo nimekwisha kuyasema mpaka umeanza kuyasema wewe kabla yangu, ukiniigiza sauti. Habari za wanaume shangazi yako anakupa sasa hivi, tena kwa mifano, maana mifano anayo mingi. Mimi nataka kukuandikia habari ya wivu. Si wivu wa watu juu yako. Ni wivu wangu mimi, mama yako.

Sijui niliutoa wapi. Mama yangu alikuwa mtu wa kugawa hata mboga iliyo jikoni haijaiva. Mimi nilipokuwa na miaka saba, dada yangu alitobolewa masikio kabla yangu kwa kuwa yeye ni mkubwa. Akavishwa vipuli, watu wakamsifu. Nikaenda nyuma ya nyumba nikajitoboa mwenyewe kwa mwiba wa mchungwa. Sikio la kushoto likatunga usaha wiki tatu. Lile tundu lililopinda ambalo ulikuwa ukiniuliza ulipokuwa mdogo, nikakuambia nimezaliwa nalo, sikuzaliwa nalo. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mimi nikimwona mtu kapiga chafya nzuri nitatafuta mafua. Tulikuwa tunacheka wote wawili, lakini alikuwa anasema kweli.

Alipofariki nikabaki na wewe na sindano yake ya magodoro. Mwanamke anayeshona magodoro mtaa huu hakuwapo, na wateja wengine wa baba yako walikuja kutazama tu, wakaenda zao. Nikajifunza kuchambua sufi, kupiga pamba kwa fimbo mpaka ilainike, kukaza kingo zisilegee mtu akigeuka. Mikono ilikuwa inavimba. Kitu nilichokuwa nacho cha kumringia mtu kilikuwa kimoja tu, nacho ni wewe. Siku jina lako lilipotoka kwamba umechaguliwa sekondari, nilizunguka mtaa mzima nikiomba chumvi, na chumvi ninayo, ili tu watu waniulize habari za mtoto. Nilirudi na chumvi ya kutosha mwezi mzima.

Halafu akaja Rebeka.

Wewe ulikuwa wa kutwa, yeye wa bweni, mkakalishwa dawati moja. Tangu wiki ile nyumba hii haikuwa na jina jingine. Rebeka kasema hivi, Rebeka anafanya hesabu kichwani bila kalamu, Rebeka anaimba kwaya kanisani kwao huko Goweko. Jumamosi ukawa unakuja naye. Mtoto mwenyewe alikuwa na adabu, nakiri. Alikuwa akipiga goti kunipa shikamoo, anakula kidogo, anaosha vyombo na sufuria anaisugua mpaka chini. Nilimtafuta kosa nisilione, na hilo ndilo lililonikera kuliko kosa lenyewe.

Mwaka wa kwanza ulipokwenda kwao likizo nilikuruhusu kwa sababu nilikosa la kusema. Ukakaa siku kumi. Nilikuja kukupokea stesheni, ukashuka na kikapu cha karanga, kanga umeifunga kwa namna nisiyoijua, ukaniambia ukicheka, "Mwangaluka, mayu!" Ulitaka kunionyesha kwamba umejua Kinyamwezi. Mimi nikakujibu kwamba nyumbani kwetu tunaamkiana shikamoo. Njiani ukanieleza kwamba Mama Rebeka kakufundisha kutunga majani ya tumbaku kwenye fito, kwamba Mama Rebeka hapigi kelele, kwamba yeye naye unamwita mayu, yaani mama. Siku tatu sikusema nawe vizuri, ukadhani naumwa kichwa. Sikuwa naumwa kichwa. Nilikuwa na kijiba cha roho, na mtu mwenyewe nilikuwa sijamwona hata uso.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nikiendelea kuzunguka utarudi kabla sijalifikia.

Unakumbuka mlipokuwa mnamaliza kidato cha pili, Mama Mkuu wa shule alituita wazazi. Alisimama pale ukumbini akatueleza kwamba mwaka unaofuata mtagawanywa michepuo mitatu: sayansi, kilimo na sayansikimu. Alisema elimu sasa ni ya kujitegemea, kwa hiyo mtoto asome kitu kitakachorudi nyumbani kwao. Alama zitatazamwa, alisema, lakini na nyumbani pia patatazamwa. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mama mpole, na maneno yale yalikuwa mazuri yakiwa hewani. Nadhani hata yeye hakujua kwamba nyumba za watu haziingii zote kwenye mstari mmoja wa karatasi. Pale ukumbini palikuwa na karani wa reli, na mke wa polisi, na wakulima waliotoka Ipole kwa baiskeli siku mbili, na mimi wa sindano. Kila mmoja akapewa karatasi. Jina la mwanafunzi. Jina la mzazi. Mahali anapoishi. Kazi ya mzazi.

Nilikaa kwenye benchi la veranda na kalamu yangu. Na hapa lazima nikukumbushe siku zile zilivyokuwa. Wiki moja kabla, balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amesimama mkutanoni akasema nchi hii ina watu wa aina mbili, wakulima na wafanyakazi, na asiye mmojawapo ni kupe. Watu wakageuka kutazamana. Mimi sikuajiriwa na mtu, kwa hiyo si mfanyakazi. Jembe nililokuwa nalo lilikuwa la kufukia takataka. Mtaani palikuwa na maneno kwamba watu wa mjini wasio na kazi inayojulikana watapelekwa vijijini. Nikajiona mimi na magodoro yangu tumekaa katikati ya barabara, gari linakuja.

Basi pale penye kazi ya mzazi nikaandika "Mkulima". Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule niliosifiwa darasa la nne. Woga ulikuwamo, nakuambia kweli, lakini hesabu nayo ilikuwamo. Nilijiambia: siku hizi mkulima ndiye anayeimbwa redioni, ndiye anayepewa kiti cha mbele, basi mtoto wa mkulima ndiye atakayechagua kwanza. Nikajiona mjanja.

Wino haujakauka, akaja mwanamke wa makamo, mrefu, amebeba kibuyu amekifunga kwenye kanga. Akainama kunisalimu ingawa nadhani ananizidi umri. "Wewe ndiye Mama Hadija. Mimi ni mama yake Rebeka." Nikamtazama. Alikuwa na uso mtulivu kama ulivyosema, na mikono imeparuka kuliko yangu. Nilimkasirikia hata kwa huo utulivu.

"Nisaidie, mayu," akaniambia. "Kisomo cha watu wazima ndiyo kwanza nimekianza, kalamu bado inaniponyoka."

Nikachukua karatasi yake. Nikaandika jina la mtoto, jina lake, Goweko. Nikafika pale. "Kazi niandike nini?"

"Andika tunalima. Tumbaku, na mtama wa kula. Mzee ana mizinga yake porini, tukipata asali iliyozidi tunauza kidogo."

Tunalima. Alilisema neno hilo bila kujikaza, kama mtu anavyotaja jina lake. Mimi nililiiba dakika mbili kabla, na yeye analo la haki. Halafu nikawaza: mtoto wake na wangu wako sawa darasani, na huyu ni mkulima wa kweli, mwenye kijiji cha kweli, atapewa yeye. Kanipora mtoto likizo, sasa ananipora na nafasi. Hadija, sikusita hata kidogo. Niliandika "Mfanyabiashara wa asali".

Wewe ulikuwa mtoto, labda hukujua neno lile lilikuwa na uzito gani mwaka ule. Mfanyabiashara alikuwa hatofautishwi na mlanguzi. Nilijua. Ndiyo maana nililiandika. Mama Rebeka akaitazama karatasi yake muda kidogo, akaitupia jicho na yangu iliyokuwa pembeni, akashukuru. Kisha akakifungua kile kibuyu kutoka kwenye kanga akanipa. Akasema, "Hii ni yenu. Hadija anapenda asali."

Majina yalipobandikwa, ulirudi nyumbani mchana jua kali, viatu umevishika mkononi. Uliniambia wewe ni kilimo na Rebeka ni sayansi. Tangu una miaka tisa ulikuwa unasema utakuwa daktari. Ulikuwa unawafunga paka bandeji kwa vitambaa vyangu vya magodoro. Ukasema, "Mama, hesabu nilimpita. Kemia tulilingana. Kwa nini yeye, mimi nisiwe?"

Mimi nilijua palepale kwa nini. Mama Mkuu alikuwa ametimiza alichosema. Mtoto wa mkulima akajifunze kilimo arudi kwenye shamba la mzazi wake. Mtoto wa mfanyabiashara hana shamba la kurudia, na hesabu anazijua, basi aende sayansi. Nilikuwa nimempa Rebeka mchepuo wako kwa mwandiko wangu mwenyewe, na wewe nikakushikisha jembe.

Ningekuambia siku ile ungelia, ungenichukia mwezi mmoja, tungekwenda wote kwa Mama Mkuu, na huenda angebadilisha. Lakini nilikuwa nimesimama mlangoni nakutazama unalia, na kitu kikaja mdomoni kikiwa tayari kimeiva. Nikasema, "Muulize rafiki yako. Siku ile ya karatasi mimi nilimwona mama yake ana kibuyu cha asali, anaelekea ofisi ya Mama Mkuu."

Uliacha kulia. Ulinitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka naweka sindano chini.

Kibuyu kile hakikwenda ofisini. Kilikuwa uvunguni mwa kitanda changu. Asali ile tuliila sisi, mwanangu. Uliitia kwenye uji wa futari mwezi mzima wa Ramadhani ukaisifu, nami nikakuambia nimeipata kwa mtu wa Sikonge.

Ukaacha kusema na Rebeka. Alikuja hapa Jumamosi mbili, ukajifungia ndani. Mara ya pili alinikuta barazani, akapiga goti kama kawaida, akaniuliza, "Mama, nimemkosea nini Hadija?" Nikamwambia mambo ya watoto yatakwisha. Akaondoka kwa miguu mpaka shuleni, na mimi nikaona raha. Naliandika hili likiwa baya hivyo hivyo, kwa sababu nikilisafisha nitakuwa nimeanza tena. Niliona raha kwamba Jumamosi zimekuwa zangu.

Usidhani sikuadhibiwa hata kidogo. Muhula uliofuata Mama Mkuu alinikuta sokoni akanipongeza, akaniuliza shamba letu liko upande gani, maana anataka kuwaleta wanafunzi wa kilimo waone. Nikasema Ipole. Akasema vizuri sana, ataomba lori. Nikasema kuna mbung'o wengi mno msimu huu, watoto wataumwa. Akasema basi msimu mwingine. Miaka miwili nilikuwa nikimwona kwa mbali nabadilisha njia, mpaka muuza vitunguu akaniuliza kama yule mama namdai au ananidai.

Nikakuona ukijifunza kilimo. Mwaka wa tatu ulirudi na malengelenge ukayaficha. Mwaka wa nne ukaanza kunieleza udongo wa uani kwetu una kasoro gani, ukapanda bilinganya nyuma ya choo, zikazaa mpaka tukagawa. Mara moja nilikukuta umechuchumaa unasema na mche wa mpapai. Sijui kama kazi hii umeipenda au umeizoea, na siwezi kukuuliza, kwa sababu jibu lolote utakalonipa nitalitumia kujisamehe. Ukiwa bibi shamba bora kuliko wote katika nchi hii, usije ukaniambia, "Unaona mama, ilikuwa heri." Ilikuwa si heri. Ilikuwa wivu, nawe ukalima juu yake.

Barua ya chuo ilipokuja, nikasikia pia kwamba Rebeka kapata nafasi ya kusomea uganga wa hospitali Dar es Salaam. Tarehe zenu za kufika chuoni zimepishana siku mbili tu. Juzijuzi nikapiga hesabu, nikaona kwamba treni yako ya kesho ndiyo treni yake. Wewe unapandia hapa, na ikifika Goweko atapanda yeye. Mtakuwa ndani ya treni moja mpaka Morogoro unakoshukia, na wewe utamgeuzia mgongo safari nzima kwa kosa ambalo hajalifanya.

Jumanne nilikuambia nakwenda kutafuta sufi. Sikwenda kutafuta sufi. Nilipanda treni nikaenda Goweko.

Nilimkuta Mama Rebeka chini ya paa la nyasi, anachambua tumbaku kwa madaraja. Anachukua jani, analitazama mara moja, analitupa rundo lake. Alinikaribisha kana kwamba nilikuja wiki iliyopita. Nikanywa maji, nikamwambia. Nilianza na karatasi. Sikuacha kitu: mkulima wangu wa uongo, na mfanyabiashara niliyemwandika yeye, na kwamba niliandika kwa kumtakia mtoto wake mabaya.

Aliendelea na majani yake. Kisha akasema, "Mama Hadija, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kisomoni neno la kwanza walilotufundisha ni mkulima. Lilikuwa ukurasa wa kwanza, na picha ya mtu na jembe lake. Siku ile maneno niliyoweza kusoma yalikuwa hayafiki kumi, lakini hilo nililijua. Nikaliona kwenye karatasi yako. Kwenye yangu halimo. Kuna neno refu, sikuweza kulisoma, nikajua tu kwamba si lile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mayu? Mimi nimefukiza tumbaku tangu sijavunja ungo. Nikajiambia, neno lolote ambalo si mkulima, mtoto wangu na aende nalo." Akatupa jani. "Na la kwako nilijua si kweli, mikono yako haikuwa na jembe. Nalo nikalinyamazia. Kwa hiyo usijibebeshe lote peke yako."

Unajua nilihisi nini? Ungetegemea niseme nafuu. Nilimwonea wivu tena, Hadija. Nimekaa pale kwake, nimekuja kutubu, namwonea wivu kwa sababu yeye kwa maneno tisa ya kisomo aliisoma karatasi ile kuliko mimi niliyeiandika. Yeye alimjua mtoto wake anataka kutoka wapi. Mimi nilikuwa nashughulika na mtoto wa nani anamshinda nani, wangu nikamsahau palepale kwenye benchi.

Halafu akaniuliza lile nililokuwa naliogopa. "Sasa hayo yote ni yetu sisi wazee. Kwa nini Hadija alimwacha mwanangu?"

Nikamwambia habari ya asali.

Mikono ikasimama. Kuku wakaingia kwenye tumbaku na hakuwafukuza. Akasema, "Tulipohamishiwa kijijini tuliiacha mizinga yote porini. Ile ilikuwa asali ya kwanza ya mizinga mipya. Mzee alisema tuile wenyewe, mimi nikasema hapana, nampelekea yule mtoto." Kisha akaniangalia usoni. "Lile la neno nilikusamehe kabla hujaja. Hili la asali, bado."

Nikasema nimesikia. Akanisindikiza stesheni, mguu kwa mguu. Treni ilipokuja akaniambia kwamba Rebeka hajui lolote, na kwamba hatamwambia yeye. Alisema anayestahili kumwambia ni Hadija, akipenda.

Sina mengi ya kukufundisha. Mimi niliyesoma mpaka darasa la nne nikuambie nini wewe unayekwenda chuo? Lakini hili moja nalijua kwa sababu nililifanya. Kazi unayokwenda kuisomea itakupeleka vijijini, na watu wengi watakuja kwako na karatasi, wakikuambia, "Nisaidie, mwanangu, kalamu inaniponyoka." Watakutajia ekari zao, mazao yao, watoto wao. Wengine utawapenda, wengine watakukera kwa jinsi wanavyokaa tu. Andika walivyosema. Ukiona siku hiyo roho yako haiko sawa, mpe mwingine kalamu. Wivu wenyewe sikukatazi, damu ni yangu, utakuja tu. Nami sijapata dawa yake. Mpaka leo ukimsifu mwalimu wako wa bustani meno yananiuma.

Nilipanga barua hii nikupitishie dirishani kesho treni ikianza kuondoka. Nilikwisha kuipima: ningeitoa kwenye kanga kengele ikilia, ningekuambia usome ukifika mbali, halafu ningepunga mkono na uso wako nisiuone. Nimetunga mpango huo tangu Jumanne na nikauona mzuri. Leo nimegundua kwa nini niliuona mzuri. Ungeisoma njiani, ungepigwa na hasira hujui uipeleke wapi, treni ingefika Goweko, mlango ungefunguliwa, na wa kwanza kukukuta na hasira hiyo angekuwa Rebeka.

Kwa hiyo sitakupa kesho. Sauti yako naisikia, uko nyumba ya tatu kutoka hapa, unamuaga muuza kahawa. Ukifika nitakupa barua hii mkononi, uisome hapa barazani, nami nitakaa mbele yako mpaka umalize. Sitashika sindano kujifanya nina kazi. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani waache wasikie, mimi nimewasikilizisha mengi. Ukitaka kuniita jina baya, nitaitikia. Miaka yote hii nimekuwa nikigombania kila kilicho chako, Jumamosi zako, kicheko chako, hata salamu yako, mtu mwingine asikipate. Sasa nagombania hiki kimoja cha mwisho. Hasira hiyo usimpelekee Rebeka hata chembe, wala usimpe mama yake, wala Mama Mkuu. Ni yangu. Nipe yote.

Mama yako,
Tatu